UZI: Dar es Salaam ilichorwa na akina mama, ramani za mipango miji zikafuata nyuma

MwanaBuguruni (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Kila tukijadili nani aliijenga Dar es Salaam, majina ni yale yale: Sultani Majid aliyeanza kujenga hapa miaka ya 1860, Wajerumani, Waingereza, wafanyabiashara wa Kihindi, makandarasi, marais. Siwakatai. Ila nimesomea mipango miji, nimekulia Buguruni, na ninachokiona mtaani kila siku hakimo kwenye orodha hiyo. Sehemu kubwa ya mji tunaoishi imepangwa na wanawake waliokuwa wakihangaikia maji, mboga, mkaa, ada ya mtoto na mahali pa kuuzia.

Kati ya 1949 na 1979 jiji liliandaliwa mipango mikuu mitatu. Wa 1949 ulitengenezwa na kampuni ya Uingereza, ule wa 1968 na ule wa 1979 na kampuni za Canada. Ule wa kwanza ulirithi mgawanyo wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ukaendelea nao. Ramani hizo kwa jumla zilipanga hivi: huku watu walale, kule wafanye kazi, barabara katikati. Leo takriban asilimia 70 ya wakazi wa Dar wanaishi katika makazi ambayo hayakuwahi kupimwa. Sasa mtaa usio na ramani unajuaje soko likae wapi, njia ipite wapi, taa iwake wapi?

Chukua uchochoro wowote wa Tandale, Vingunguti au Keko. Anaanza mama mmoja na meza mbele ya nyumba. Mafungu ya nyanya, vitunguu, bamia, dagaa, mkaa kwenye makopo. Amekaa hapo kwa sababu anamsikia mtoto akilia ndani, anaiona sufuria yake jikoni, na hana nauli ya kumpeleka popote. Jioni jirani yake anatoa jiko na karai, anakaanga mihogo na samaki. Watu wanaotoka kazini wanaanza kupita njia ile kwa sababu wanapata kitoweo wakielekea nyumbani. Wanaosuka nywele wanahamia kwenye kibaraza cha tatu kwa sababu wateja wapo. Anakuja fundi cherehani, anakuja wakala wa pesa za simu, bodaboda zinaegesha kwenye kona. Mwenye nyumba anabomoa ukuta wa chumba cha mbele, anaweka mlango wa chuma, kimekuwa fremu. Mtu wa nne anafunga taa nje. Na uchochoro ule haujengwi tena, maana wenye meza hawamruhusu mtu kuziba njia inayowaletea wateja.

Nenda sasa kwenye ramani rasmi uitafute njia ile. Mara nyingi utakuta imechorwa, kwa sababu mpima alipokuja aliikuta. Mama wa nyanya ndiye aliyeiweka wazi miaka yote ile.

Na si mitaa tu, hata nyumba zenyewe. Ile nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, korido katikati na ua nyuma ndiyo iliyojaza Kariakoo, Ilala na Magomeni. Mkoloni alilipa mshahara wa mwanaume mseja, akihesabu kwamba mke atabaki kijijini na jembe. Wanawake waliokuja mjini hawakuwa na mahali kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo waliishi kwa walichoweza: pombe, vitumbua, na kodi ya vyumba kwa yule aliyefanikiwa kujenga au kurithi. Mama mwenye nyumba aliamua nani anapanga, nani anadaiwa asubiriwe, mgeni kutoka bara anafikia chumba gani. Uani ndiko kulikuwa na jiko, kamba za nguo, choo, watoto, mgonjwa anayeuguzwa. Ukifikiria vizuri, ile ndiyo ilikuwa ofisi ya ustawi wa jamii ya Dar es Salaam, bila mshahara.

Uani huko huko ndiko siasa ilikopitia. Mwaka 1955 TANU, chama kilichodai uhuru, kilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga nacho. Wasomi wengi wa mjini walikuwa ndio hao watumishi. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa akiimba katika kikundi cha ngoma cha Bomba, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake. Vikundi vile tayari vilikuwa na viongozi, na michango, na utaratibu wa kupelekeana habari nyumba kwa nyumba. Kabla mwaka haujaisha, maelfu ya wanawake walikuwa na kadi. Leo barabara yenye jina lake inapita kando ya Mnazi Mmoja, pale ambapo wakoloni waliacha uwanja wazi ili Kariakoo isigusane na mji wao.

Nitaendelea chini. Karibuni mchango.

Fundi wa Mabibo

Dada umeandika vizuri, lakini mimi ni fundi ujenzi na nina la kusema. Hao akina mama unaowasifu ndio hao hao wanaoweka meza juu ya mtaro. Maji ya kuoshea vyombo, maganda, majivu, yote mtaroni. Mvua ya masika ikija, mtaro umeziba, nyumba za bondeni zinajaa maji, na humo ndani pia wamo akina mama na watoto. Barabara ya mtaani ina hifadhi yake. Ukiruhusu kila mtu akae anapotaka hata gari la zimamoto halipiti. Mji hauwezi kujengwa na huruma.

MwanaBuguruni

Kaka Fundi, mtaro kuziba ni shida ya kweli na sitaipunguza. Mto Msimbazi ukifurika, wanaoteseka kwanza ni wa Jangwani, na wengi wao ni hao hao wauzaji. Ila nenda mbele hatua moja. Kwa nini ameweka meza juu ya mtaro? Kwa sababu ndiyo ardhi pekee isiyo ya mtu karibu na wateja. Kwa nini maji machafu anayamwaga mle? Kwa sababu hakuna shimo lingine. Anayepika chakula cha mafundi kama wewe, tangu alfajiri hadi alasiri, hana bomba, hana sehemu ya taka, hana choo karibu. Jiji linakula kwake mchana kutwa, linamtoza ushuru, halafu halimpi hata mfereji wa maji machafu.

Kumwondoa tumeshajaribu mara nyingi, na historia ipo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, sketi fupi na mawigi vikapigwa marufuku kuanzia Januari 1, 1969. Kariakoo vijana walisimamisha mabasi na kuwashusha wanawake waliovaa tofauti na walivyotaka. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi: asiye na kazi inayotambulika akamatwe, apelekwe kijijini. Mwenye kuuza maandazi hakuwa na kazi inayotambulika. Lakini ulikuwa wakati ambao mshahara wa karani haukununua chakula cha mwezi, na nyumbani kwa huyo karani, na hata kwa ofisa aliyesaini amri, watoto walikula kwa maandazi, barafu na kuku wa mama yao. Msako ukafifia, maandazi yakabaki. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo, mama lishe wakiwemo. Oktoba 2021 meza ziliondolewa tena barabarani.

Mimi naliona jambo moja hapo. Kila kizazi cha viongozi kinamkuta mwanamke huyu barabarani kana kwamba amefika jana.

Mama wa Feri

Mimi si msomi, nakaanga samaki. Nimesoma uzi huu wote na binti yangu, naomba niseme kuhusu usafiri maana hapo ndipo tunapoumia.

Siku yangu haina kwenda na kurudi kama ya mtu wa ofisini. Usiku haujaisha niko njiani kwenda Feri kununua vibua. Nikitoka Feri napitia Ilala kuchukua mafuta na viungo. Narudi nyumbani, mjukuu aende shule, mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Jioni naingia kwenye karai. Njiani nimepanda mara tatu au nne, na kila kupanda ni nauli mpya. Mwanaume wa jirani anapanda mara moja asubuhi na mara moja jioni. Mwezi ukiisha nauli yangu ni kubwa kuliko yake, na kipato changu kidogo.

Halafu beseni. Konda akiliona beseni la samaki anageuza uso. Ukiwa na bahati analitoza beseni nauli kama mtu wa pili. Wengine tunachanga tunakodi bajaji au guta moja alfajiri, wanne watano, kila mmoja na mzigo wake, tunashushwa kwa zamu. Hiyo njia ya bajaji yetu hakuna aliyeipanga. Tumeipanga wenyewe, na dereva anaijua kuliko mkurugenzi wa usafiri.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwezi Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni nilifurahi. Kituo kiko usawa wa basi, hupandi ngazi za mlangoni, mwenye mtoto mgongoni na mwenye magongo wote wanaingia bila kuvutwa. Hilo nalishukuru hadi leo. Ila anayesafiri na mzigo hakufikiriwa. Mji huu unakula samaki kila jioni, lazima kuna mtu amewabeba.

MwanaBuguruni

Mama shikamoo. Umesema kwa maneno machache jambo ambalo kozi yetu ilipita juu juu. Idadi ya abiria huhesabiwa barabara kuu, saa za kwenda kazini, kuelekea mjini. Safari yako ya vituo vinne, nusu kwa miguu, kila kituo kwa ajili ya mtu mwingine, haionekani kwenye hesabu hiyo. Isipoonekana haijengewi.

BintiMajengo (Nairobi)

Hamjambo majirani. Nimesoma habari ya nyumba na nikaona niongeze ya kwetu. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika, na serikali ya kikoloni iliruhusu watu wajijengee. Sehemu kubwa ya waliojenga walikuwa wanawake. Wengi walipata mtaji kwa kazi ambazo watu hawapendi kuzitaja mbele ya wageni, wengine kwa pombe, wakaweka pesa kwenye udongo na mabati badala ya kuipeleka kwao mashambani. Wengi walisilimu. Asiyekuwa na mtoto aliirithisha nyumba kwa msichana aliyemlea au mwenzake aliyemuuguza. Kule Pangani, mtaa wa hapa Nairobi uliobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, ilikuwa vivyo hivyo.

Serikali iliona wanawake hawa kama aibu ya mji, na wakati huo huo walikuwa ndio wanaowapa vyumba wafanyakazi wa reli na wa manispaa ambao serikali hiyo haikutaka kuwajengea. Mimi nimezaliwa katika mtaa wao, Majengo, ndani ya Pumwani. Nataka watoto wetu wajue kwamba Majengo ina waasisi, na kwamba waasisi hao walivaa leso, yaani khanga.

MwanaBuguruni

Binti, asante sana. Hili la urithi limenigusa kwa sababu kwetu nako vita ya mwanamke na mji mara nyingi imepiganwa juu ya nyumba.

Mwaka huo huo wa 1983 ambao Nguvu Kazi ilikuwa ikikamata watu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lilikuwa moja: mke ambaye hakuleta mshahara, aliyepika, kufua na kulea, ana mchango wowote katika mali waliyochuma ndoani? Mahakama, ikiongozwa na Jaji Mkuu Nyalali, ilisema ndiyo. Kazi ya nyumbani inahesabiwa kuwa mchango katika juhudi za pamoja chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na nyumba, kwa sababu mahakama ilizingatia fedha alizokwisha kupewa na mumewe. Lakini kanuni aliyoiacha ndiyo inayowalinda wanawake wanaoachika hadi leo. Kila mara ninapoona nyumba ya tofali imekamilika Mbagala au Gongo la Mboto, najua ndani ya tofali zile kuna saruji iliyonunuliwa kwa mshahara wa mtu, na kuna uji, maji na miaka ya mtu mwingine.

Maji nitayasema kidogo zaidi kwa sababu yana takwimu ambayo kila diwani angepaswa kuijua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti walipima jinsi watu wanavyopata maji Kenya, Uganda na Tanzania, Dar ikiwemo. Wenzao wakarudi mwaka 1997 katika maeneo yale yale. Kwa kaya za mijini zisizo na bomba, muda wa kutafuta maji kwa siku ulikuwa umepanda kutoka wastani wa dakika 28 hadi dakika 92. Miaka 30 ya uhuru na maendeleo, na mwanamke wa mjini aliongezewa zaidi ya saa nzima ya ndoo kila siku. Ndipo utakapoelewa kwa nini visima vya kuuza maji vilichipuka uani kila mahali, kwa nini madumu ya mikokoteni yana wateja, kwa nini nyumba yenye bomba inapangishwa ghali. Soko la nyumba za uswahilini limefuata ndoo.

Tangu wakati huo bomba limefika mitaa mingi, na nafurahi. Lakini saa ile iliyorudi imekwenda wapi? Kwa wengi imekwenda kwenye biashara ya pili na kwenye vikao vya upatu na vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Kijumbe wa upatu anajua nani mtaani ana shida kabla mjumbe wa shina hajajua. Ada za shule, mabati, bomba lenyewe la kuunganishiwa, vingi vimelipwa kwa zamu hizo. Halmashauri nazo zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Iliposimamishwa Aprili 2023 hadi kurejeshwa mwaka uliofuata, wengi walikimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, na friji na makochi vikachukuliwa mbele ya watoto. Hilo nalo linaubadilisha mtaa: familia inahama usiku, chumba kinabaki na kufuli.

Mzaramo Ughaibuni

Niko Vienna, Austria, nafanya kazi za usafi kwenye majengo ya jiji. Huku mwaka 1991 waliandaa maonyesho ya picha kuhusu siku ya kawaida ya wanawake mjini, na baada ya hapo jiji likafungua ofisi yake ya masuala ya wanawake. Miaka hiyo ya tisini wakajenga mtaa mzima wa nyumba uliosanifiwa na wasanifu wanawake: chekechea humo humo ndani, mahali pa kuweka vigari vya watoto kila ghorofa, dirisha la jikoni linaloangalia uwanja watoto wanapocheza. Baadaye wakagundua kwamba wasichana wakifika umri wa miaka kumi hivi hawaonekani tena kwenye bustani, kwa kuwa viwanja vyote ni vya mpira. Wakagawa viwanja, wakaongeza njia na taa, wasichana wakarudi.

Nawaambia haya kwa sababu walianza kwa kuuliza tu mwanamke anapita wapi na anabeba nini. Yale madirisha ya jikoni yanayoangalia watoto mama yangu Magomeni alikuwa nayo, ni kibaraza.

Fundi wa Mabibo

Haya, nimesoma yote. Kuhusu mtaro sijabadilisha msimamo, majivu mtaroni ni majivu mtaroni. Lakini nina swali la kazi. Mtaani kwetu inasemekana barabara itawekwa lami na mitaro ya zege, na meza zote za kando zitaondoka. Mke wangu ana genge pale. Mnatushauri tudai nini? Maana mkandarasi akishafika hasikii mtu.

Mama wa Feri

Dai choo kwanza, baba. Vingine vyote vitafuata.

MwanaBuguruni

Mama yuko sahihi, na nitaongeza kwa Fundi.

Nendeni sasa, kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo. Ombeni ofisi ya mtaa iwaonyeshe michoro, mnayo haki ya kuiona na wewe kwa ufundi wako utaisoma. Tafuta upana wa mtaro na kama una mfuniko. Mtaro wenye mfuniko imara wa zege unaweza kuwa njia ya miguu, na pembeni pakabaki nafasi ya meza bila kugusa maji. Hapo hoja yako ya majivu na hoja ya mkeo zinakutana. Mfuniko uwe na sehemu za kufungua ili usafishwe, la sivyo miaka miwili mbele tutarudi kulaumiana.

Kisha akina mama wenyewe wahesabu. Si kwa maneno, kwa daftari: alfajiri nani anakaa wapi, mchana nani, saa moja usiku nani, anauza nini, anapata maji wapi, anamwaga wapi. Watoto wa shule wanavuka wapi. Wauzaji wa kudumu na wa jioni waandikwe tofauti, maana wa jioni ndio wanaosahaulika na ndio wengi. Karatasi hiyo ipelekwe kwenye mkutano wa mtaa, isomwe, iingie kwenye muhtasari, nakala kwa diwani na kwa mhandisi wa mradi. Mhandisi anaweza kupuuza malalamiko. Orodha yenye vipimo vya meza na saa za kazi atalazimika kuijibu.

Mdai bomba moja la jumuiya na shimo la maji machafu karibu na wapishi, taa pale kwenye kona ya watembea kwa miguu na si kwenye makutano ya magari tu, na mahali palipotajwa kwa jina ambapo wauzaji watakaa wakati wa ujenzi. Mwezi wa kusubiri bila kuuza ndio unaowaingiza kwenye kausha damu.

Nikipata ruhusa kazini nitakuja Jumamosi hii na kipimio changu, tutembee mtaa mzima na mkeo na wenzake. Nitumie ujumbe pembeni unieleze ni karibu na kituo gani.

Fundi wa Mabibo

Nimekutumia. Wife anasema uje mapema, saa kumi na mbili asubuhi, wenye mboga wa kutoka soko la Mahakama ya Ndizi wanakuwa hawajaondoka na hao ndio hakuna aliyewahi kuwaandika.